Nilivyogawa Chakula cha Harusi ya Kipolandi

Mimi niliyeishia darasa la saba na leo nina malori manne hapa Minneapolis, harusi ingenishangaza nini? Binti yangu alipoolewa na Mpolandi, ratiba waliyonipa wakwe sikuisoma. Nikasimamia ukumbi mwenyewe. Saa tatu usiku watu wameshiba, masufuria jikoni bado yamejaa. Nikawafungashia ndugu zetu wote chakula hicho kwenye karatasi za foili.

"Chukua, shemeji, ukale kesho kazini."

Wakaondoka wakinisifu.

Saa sita binti akanijia. "Baba, mama mkwe anauliza supu na nyama za saa hizi ziko wapi. Ratiba inasema wao wanakula mara nne, mpaka alfajiri."

"Nimegawa."

Sasa mtu mzima gani anakula mara nne usiku mmoja? Wakwe mia moja wakanikodolea macho, vijiko mkononi, nami nikiagiza piza kwa simu: dola elfu moja mia tatu themanini na sita.