Ngoma ya Ukutani Koboko

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana ninachokueleza kilinitokea mimi mwenyewe, mchana, jua linawaka, na sikuwa nimeonja hata tone.

Mimi huimba bluzi, ile ya gita la umeme na sauti ya kukwaruza. Watu wa Arua, huku Uganda, wananijua kwa bendi, lakini nyimbo ninazozipenda zaidi nilizirekodi peke yangu chumbani, kwenye redio kaseti, nisimpe mtu. Mwaka huu nikaamua kuzikusanya zitoke albamu moja. Fundi wa studio, pale chini ya Arua Hill, alizisafisha zote isipokuwa moja. Utepe ulikuwa umeliwa na mashine, ubeti wa mwisho umekwenda na maji. Na huo ndio wimbo niliomtungia mama yangu alipofariki. Nilijaribu kuukumbuka mpaka kichwa kikaniuma. Wapi.

Niliuimba mara moja tu, nilipokuwa nimepanga chumba Koboko, mji wa karibu na mpaka wa Kongo. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa Mama Furaha, Mkongomani muuza vitenge. Kila nikianza kuimba, anagonga ukuta. Nikajua namkera, nikawa naimba kwa kunong'ona. Basi nikapanda gari kwenda kumwuliza, huenda aliusikia.

Nilimkuta amekaa mlangoni pake, kitenge cha njano, anacheka kabla sijamsalimia.

"Karibu, mwanangu. Umechelewa," akasema. "Miye nilikuwa nakupigia ngoma, weye unanyamaza. Mutu anapigiwa ngoma ananyamaza?"

Kumbe! Nilicheka mpaka machozi. Nikawasha simu nirekodi. Akagonga mlango kwa vidole, akaimba ubeti wote, hata lile jina la utani mama yangu aliloniitia nikiwa mdogo. Nikaimba naye kwa sauti yangu yote. Niamini, sijawahi kuimba vile.

Nikavuka barabara kununua soda mbili. Kurudi, mlango una kufuli lenye kutu. Mwenye nyumba akatokea, akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia.

"Mama Furaha? Huyo tulizika zamani, binti yangu," akasema. "Hii chumba iko na magunia ya simsim tu."

Nikafungua simu palepale. Ubeti upo mzima, sauti ni yangu peke yake, na nyuma yake ngoma. Niliogopa, ndiyo, nani asingeogopa? Lakini furaha ilinizidi. Soda moja nikaiacha mlangoni pake.

Tangu siku ile ngoma inasikika kwenye nyimbo zote, hata nilizorekodi Mvara, mtaa wa Arua, baada ya kuhama Koboko. Fundi alitaka kuifuta, nikamwambia akiigusa nahama studio. Albamu ilikuwa iitwe Peke Yangu. Jina hilo nimelifuta. Na nyumbani Mvara nikiimba, ukuta unaitikia, ingawa upande wa pili kuna shamba la muhogo tu.

Kwa hiyo wewe unayeimba bafuni kwa kujificha, ukuta ukigongwa usinyamaze. Jirani yangu alikufa akingoja nipaze sauti, ikabidi arudi kuniimbia mwenyewe.