Ruangwa Wasubiri

Nilikuwa nimeandika sentensi moja, na sentensi hiyo ikaninyima usingizi. Ilisema kwamba walimu wakuu wa Ruangwa hawatapewa mafunzo, wala kijitabu chake, mpaka tathmini ikamilike. Niliiandika mchana, nikaisoma, nikaridhika nayo. Nilipopanda kitandani ikaanza kunisumbua. Nani alinipa mimi mamlaka ya kumwambia mtu mzima, mwenye shule nzima mikononi, kwamba asubiri kwanza kujifunza kazi yake? Na nikiifuta, nitajuaje kama mafunzo yenyewe yana faida? Niligeukia ukutani, nikageukia dirishani. Kila upande niliogeukia ulionekana ndio wenye makosa.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Shirika lililoniajiri kwa mkataba lilikuwa linawafundisha walimu wakuu wa shule za msingi namna ya kuendesha shule: kukagua masomo bila kuwatisha walimu, kupanga ratiba, kufanya mkutano wa wazazi usivunjike. Wa Nachingwea walikuwa wameshafundishwa. Wa Ruangwa, wilaya ya jirani, walikuwa bado. Mimi nilitakiwa kupanga jinsi ya kupima kama mafunzo hayo yamebadilisha chochote.

Chuoni tulifundishwa kwamba huwezi kusema dawa imefanya kazi kama hukumtazama na mgonjwa ambaye hakuinywa. Basi nikaona mambo yamejipanga yenyewe. Nachingwea wamekunywa, Ruangwa hawajanywa. Tuwaache hivyo kwa muhula mmoja, kisha tulinganishe. Kwenye ramani yangu nilikoleza mpaka wa wilaya kwa kalamu nyekundu, kama vile kuna ukuta pale.

Bosi wangu, mama wa makamo aliyekuwa Dar es Salaam, aliupenda mpango huo. Wafadhili nao waliupenda. Ni mimi tu niliyeanza kuuogopa. Niliogopa kwamba shule za pande mbili hazifanani. Niliogopa kwamba msimu wa kuvuna ufuta watoto watakuwa mashambani na mahudhurio yatanidanganya. Niliogopa hata viatu vyangu, kwamba vilikuwa vya mjini mno na walimu hawataniambia ukweli. Lakini sikuwahi kuogopa kile ambacho kilikuja kutokea, na hilo bado linanishangaza, maana mimi nadhani nimeshaogopa kila kitu.

Nilianzia Lionja, upande wa Nachingwea, kujaribu maswali yangu kabla mpango haujapitishwa. Mwalimu mkuu wa pale alikuwa mzee wa kukaribia kustaafu, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina mistari ya kukusudia. Nilisaini kitabu cha wageni, nikamwamkia.

"Marahaba. Kwenu wapi, binti?"

"Iringa, mwalimu."

Akaweka kalamu mezani polepole. "Mhehe?"

"Ndiyo."

"Mimi natoka Songea." Akawageukia walimu wawili waliokuwa wakisahihisha madaftari. "Jamani, mfungieni yule mbwa wa mlinzi. Mgeni wetu huyu akimwona tu, mlinzi atabaki peke yake."

Walimu wakacheka. Wangoni na Wahehe ni watani, na utani wa kwamba Mhehe hula mbwa ni wa siku zote; mimi nilitakiwa kumrudishia papo hapo. Jibu zuri kabisa lilinijia jioni, nikiwa nyuma ya pikipiki, narudi mjini. Pale ofisini nilitabasamu tu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Tulifanya maswali, akanijibu vizuri. Saa ya chakula tukaletewa wali na kuku, na ndipo nilipomuuliza, kwa kuzungumza tu, kama alitoa mrejesho aliporudi kutoka kwenye mafunzo. Kwa walimu hilo ni jambo la kawaida: aliyetumwa semina akirudi husimama ofisini na kuwapa wenzake alichokipata. Asiyefanya hivyo huonekana amekula posho peke yake.

"Siku iliyofuata tu nilisimama," alisema. "Na Jumamosi nikaenda Malolo kumpa binti yangu."

"Binti yako naye ni mwalimu?"

"Si wa kumzaa. Alikuwa mwalimu wa taaluma hapa kwangu. Wakamhamishia kule, sasa wamempa ukaimu wa mwalimu mkuu, na hakuna aliyemfundisha kitu. Nilimwachia na kijitabu akatoe kopi. Wenzake wa shule za jirani waliposikia, nao wakaja. Tulikaa mpaka jioni, nikawapa yote."

Malolo iko Ruangwa. Nililirudisha tonge langu kwenye sahani.

"Mbona huli, mtani? Kuku hana mkia mrefu, au vipi?"

Safari hii sikutabasamu hata kidogo. Nilikuwa nautazama ule mstari wangu mwekundu akilini na kumwona mzee huyu akiuruka na baiskeli yake, siku ya Jumamosi, kijitabu kikiwa kwenye mfuko wa plastiki.

Nilimpigia bosi nikiwa bado barabarani. Nilimweleza yote, mpaka kuku.

"Sikiliza, mdogo wangu," alisema. "Huo ulinganisho tumeshauahidi. Nenda Malolo. Mwombe huyo kaimu kistaarabu, aweke kile kijitabu pembeni kwa muhula huu tu. Awaambie na wenzake."

"Na kama ameshakisoma?"

"Basi asikitumie."

Nikasema sawa. Mimi husema sawa haraka, kufikiri huja baadaye. Nilianza kufikiri njiani kurudi, na sikuacha. Mtu anaachaje kujua kitu? Nitamwambia asahau? Lakini pia bosi hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye angesimama mbele ya wafadhili kueleza kwa nini hatuna jibu, na bila jibu huenda mafunzo yasifike wilaya nyingine yoyote. Nilimtetea, nikamlaumu, nikamtetea tena. Dereva wa bodaboda aliniuliza kama naumwa.

Siku niliyokwenda Malolo, ufuta ulikuwa umeshakatwa na kusimamishwa mafungu mafungu mashambani ukauke, na mikorosho ilikuwa kimya, bado haijatoa maua. Njiani nilifanya mazoezi ya nitakachosema. Nilikuwa na namna tatu za kukisema, na kila moja nilipoisema kwa sauti ndani ya kofia ya pikipiki ilisikika kama tusi.

Kaimu alikuwa mwanamke wa umri wa dada yangu mkubwa. Alikuja kunipokea nje akiwa na chaki mkononi, na uso wake ukabadilika niliposema natoka shirika gani.

"Umekuja kunipima leo?" aliuliza. "Leo tuna mkutano wa wazazi."

"Hapana, dada. Sijaja kupima. Tuzungumze kidogo tu."

Tukaingia ofisini. Alinikaribisha chai na mihogo ya kuchemsha, lakini mwenyewe hakukaa. Alikuwa akichungulia uwanjani kila mara. Nikamuuliza mkutano unahusu nini, kwa sababu nilikuwa natafuta muda, si kwa sababu nilitaka kujua.

Ulihusu chakula cha mchana. Wazazi walitakiwa kukubaliana kuchangia mahindi ili watoto wale shuleni. Mkutano wa kwanza aliuitisha alipokabidhiwa tu shule. Aliweka meza mbele, akasimama nyuma yake, akasoma maelekezo kutoka mwanzo hadi mwisho kwa Kiswahili cha ofisini. Bibi mmoja aliyekaa nyuma akainuka kuuliza swali, akachanganya Kiswahili na Kimwera, na vijana wakacheka. Bibi akakaa. Baadaye akaondoka, na wanawake wenzake wakamfuata, mmoja mmoja, mpaka akabaki kaimu na mwenyekiti wa kamati na meza yao. Hakuna hata debe moja lililoletwa. Tangu hapo watoto wakienda nyumbani saa sita, wengi hawarudi vipindi vya mchana.

"Afisa elimu kata amenieleza wazi," alisema. "Na huu ukivunjika, ataomba aletwe mtu mwingine. Mimi ukaimu nitauacha, siyo shida. Lakini hao watoto watangoja mpaka huyo mwingine aje, azoee, aitishe mkutano wake."

"Leo utafanyaje?"

Macho yakamchangamka. "Leo hakuna meza. Tunapanga madawati kwa mduara. Wazee wanaanza kusema wao, kwa Kimwera kama wanataka, mwenyekiti anatafsiri kwa sauti na mimi nasikiliza. Nasema wa mwisho. Mwalimu wangu wa Lionja alinifundisha, iko kwenye kile kijitabu chenu. Hilo la Kimwera aliongeza mwenyewe."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Hicho hasa ndicho nilichotumwa kumkataza. Siyo kitu kingine, na siyo siku nyingine.

"Dada," nilianza, "nimekuja kuhusu hicho kijitabu."

Akaiweka chaki mezani. "Amefanya kosa kunipa?"

"Si hivyo."

"Tafadhali, asipate matatizo. Amebakiza kidogo astaafu. Mimi ndiye niliyempigia simu nikalia. Kama kuna kosa, liandikeni kwangu."

Nilimwomba anisubiri kidogo, nikatoka. Mtandao pale ulipatikana nyuma ya darasa la mwisho, karibu na kichuguu, na njia ya kwenda huko ilikuwa imekanyagwa na walimu mpaka imekuwa ngumu kama sakafu. Nilisimama na simu bila kupiga. Nikawaza kama ninachotaka kufanya ni huruma tu, na huruma si utafiti. Nikawaza kwamba pengine nampenda huyu dada kwa sababu amenipa mihogo. Nikawaza kwamba mkataba wangu ni mfupi na bosi hatauongeza. Halafu nikawaza jambo ambalo nilipaswa kuliwaza tangu chuoni: nilikuwa nimepanga kuwapima walimu kana kwamba walimu hawatembeleani. Mrejesho ni desturi yao. Nilikuwa naijua hata kabla ya kuiuliza kwa mdomo wangu, na bado nilichora mpaka. Kundi nililotaka kulinganisha nalo halikuwepo. Nilikuwa nimekuja Malolo kulitengeneza kwa nguvu, na gharama yake ilikuwa mkutano wa leo.

Nikapiga.

"Umeshamwambia?" aliuliza bosi.

"Hapana. Siwezi kumwambia."

"Huwezi au hutaki?"

Nilifikiri. "Sitaki. Na hata nikimwambia, haitasaidia. Wameshafundishana, na wataendelea. Nataka tubadilishe mpango. Ruangwa wapewe mafunzo zamu yao ikifika, tusiwazuie. Tutazame kila shule ilivyokuwa na ilivyo sasa, kwa kuwauliza walimu wa kawaida na wazazi, siyo wakuu peke yao. Na tufuatilie nani alimpa nani. Hilo nalo ni matokeo ya mafunzo."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia bila ulinganisho hatutajua kitu."

"Ndiyo, nilisema."

"Na sasa?"

"Sasa tutajua pungufu ya nilivyoahidi. Lakini tutakachojua kitakuwa cha kweli."

Kwa kawaida hapo ningeanza kuomba msamaha. Sikuomba.

"Wafadhili utawaeleza wewe," alisema.

"Nitawaeleza."

"Haya. Nitumie huo mpango." Akakata simu. Sikujua amekasirika au la, na mpaka leo sijui.

Niliufungua mpango kwenye simu palepale kando ya kichuguu, nikaitafuta ile sentensi, nikaifuta. Mahali pake nikaandika nyingine, fupi, haina mapambo: walimu wakuu wa Ruangwa watafundishwa kama ilivyopangwa. Nikaituma kabla sijaanza kuisoma upya, maana najijua.

Niliporudi, kaimu alikuwa ameshatoka ofisini. Wazazi walikuwa wanaanza kuingia uwanjani, wanaume wakiegesha baiskeli, wanawake wakija kwa makundi, na kati yao bibi mmoja aliyejifunga kanga hadi kichwani, akisita mbali kidogo na wengine. Kaimu alikuwa anavuta dawati peke yake kutoka darasani, miguu ya dawati ikichora mifereji kwenye vumbi. Aliponiona akasimama.

"Mwalimu wako hana kosa," nilimwambia. "Wala wewe. Fanya mkutano wako kama ulivyoupanga."

Alitazama upande wa yule bibi, kisha akaliinamia tena dawati.

Kwenye sura ya kwanza ya mpango wangu niliandika kwamba mtathmini hushuhudia tu, haingilii, hagusi kitu. Niliikumbuka vizuri. Nikaweka begi langu chini ya mti, nikashika upande wa pili wa dawati, tukalibeba.