Leso Iliyoingia Kwenye Cheni

Mke wangu alipiga simu asubuhi nikiwa napiga mswaki nyumbani Tuwan, mtaa wa Kitale. Yeye alikuwa Bungoma anakofanya kazi, na tangu jana yake alikuwa amelazwa hospitalini kwa sababu ya presha. Mimba ilikuwa haijatimiza miezi. Alisema daktari ameamua kumpasua siku hiyohiyo, kabla ya saa sita, maana presha imekataa kushuka na kuchelewa ni hatari kwake na kwa mtoto. Kisha akasema jambo lililonitoa jasho: hangekubali kuingia chumba cha upasuaji kabla hajamwona mama yake.

"Ukuje na mama," alisema. "Bila mama siingii. Nitakufia huko ndani peke yangu."

Nikamwambia hafi mtu. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua mambo, lakini povu la dawa ya meno lilikuwa linanidondokea kifuani. Mimi ni mtu wa wasiwasi hata siku za kawaida. Simu ikilia mapema hivyo, huwa nimeshazika mtu kabla sijaipokea.

Mama mkwe anaishi Saboti, upande mwingine kabisa wa Kitale. Siku hiyo matatu zilikuwa zimegoma, na watu wote waliozikosa walikuwa wamekimbilia boda boda. Nilikuwa nimepanga kwamba yeye atapanda boda na mimi nitatangulia na pikipiki yangu. Nilipofika Saboti, steji ya boda ilikuwa tupu. Tulisimama kandokando ya barabara kusubiri, yeye upande ule, mimi upande huu, na kila boda iliyopita ilikuwa imebeba watu watatu na mtoto juu ya tangi. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani, kitambaa kichwani, leso kiunoni, na kiondo mkononi chenye unga wa wimbi wa kumpikia mzazi uji.

Hapa lazima nieleze. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni muda mrefu, na akija kwangu mimi hupata ghafla kazi ya kufanya nje. Tangu nimuoe binti yake sikuwa nimemgusa hata kidole, wala yeye mimi, na hakuna aliyeona amepungukiwa. Ndiyo heshima yenyewe. Sasa pikipiki ni kiti kimoja, tena kifupi.

"Mayi," nikasema nikiangalia tairi la mbele. Mayi ndivyo tunavyowaita mama zetu. "Hakuna njia ingine."

Alitazama barabara pande zote mbili.

"Twende basi," akasema. "Mungu anaona hatukupenda."

Alipanda upande upande, akasogea nyuma mpaka akakalia keria ya chuma, kiondo akakiweka katikati yetu kiwe ukuta. Mkono mmoja ulishika kiondo, mwingine keria. Nikaondoka polepole kama mtu aliyebeba mayai.

Tulipita Kitale, tukapita Kiminini. Saa yangu nilikuwa naitazama kila mara, na nikiiacha saa natazama kioo cha pembeni, na ndani ya kile kioo niliona kitu nilichotamani nisikione. Leso ya mama ilikuwa imelegea. Ncha yake ilikuwa inapepea karibu na gurudumu la nyuma, inashuka, inapanda, inashuka. Kifuniko cha cheni nilikuwa nimekitoa zamani kwa sababu kilikuwa kinapiga kelele. Mtu yeyote mwenye pikipiki angesimama hapohapo na kusema, mama, funga leso.

Mimi sikusema. Ningeanzaje? Kumwambia mama mkwe habari ya nguo iliyo kiunoni mwake ni kukiri kwamba nimekuwa naiangalia. Nilitunga maneno njia nzima. Nilifikiria kusema kuna upepo mwingi leo. Nilifikiria kusimama nijifanye nakagua tairi. Kila nilipofungua mdomo, aibu iliufunga.

Tulikuwa tumepita Kamukuywa na kukata kona ya kwenda Kimilili pikipiki iliponivuta nyuma ghafla. Gurudumu likakaza, tukaserereka hadi kwenye nyasi, karibu na shamba la miwa. Nilisikia kitambaa kikichanika. Nilipogeuka, mama alikuwa ameketi chini, nguo imechafuka goti, kiondo kimebingirika hadi mtaroni. Nikamkimbilia, nikanyoosha mkono nimwinue, halafu nikaurudisha. Niliurudisha kweli, mwanamke amekaa kwenye vumbi! Aliona. Akajiinua mwenyewe kwa kushika kiti cha pikipiki.

"Sijaumia," akasema. "Angalia hiyo kitu yako."

Leso ilikuwa imemezwa. Ilikuwa imejisokota kati ya cheni na meno ya gia ya nyuma, ngumu kama kamba, nyeusi kwa grisi, na cheni yenyewe ilikuwa imeachana. Nikatoa koleo na spana chini ya kiti. Kisha nikachuchumaa, nikaitazama ile leso, na mikono ikakataa. Ilikuwa leso yake. Kuivuta tu, kuipasua mbele yake, niliona kama nampasua yeye nguo mwilini. Najua inavyosikika. Mke wangu yuko Bungoma presha inapanda, na mimi nimechuchumaa naogopa kitambaa.

Boda moja iliyojaa abiria ikapunguza mwendo. Mwendeshaji akachungulia.

"Niaje, mzee? Ah, ni leso! Mama, leso ukipanda nduthi unaifunga juu bana! Si huyu angekuambia?"

Akaondoka zake, abiria wake wakigeuka kutuangalia. Kile nilichoshindwa kukisema tangu Kiminini alikuwa amekisema bila hata kuzima injini. Nilitamani ile miwa inifunike.

Mama alikitoa kiondo mtaroni, akakiweka kando. Alikuja akachuchumaa upande wa pili wa gurudumu, akaingiza mikono yake yote miwili kwenye grisi, akashika leso.

"Wewe rudisha tairi nyuma," akasema. "Mimi navuta. Ikikataa, kata."

Nikarudisha gurudumu kidogo kidogo, yeye akavuta. Ilitoka vipande vipande. Mahali ilipokataa nilikata, naye akaniambia kata zaidi, unabembeleza nini. Vidole vyetu vilikuwa karibu sana hapo kwenye gia, na nakumbuka nilikuwa navikwepesha vyangu kama mtu anayepita penye moto. Mwishowe gurudumu likazunguka bure. Nilifurahi kwa muda mfupi tu. Cheni ya pikipiki huunganishwa na kiungo kimoja, na kiungo hicho hushikwa na klipu ndogo kuliko ukucha. Kiungo nilikiona kwenye nyasi. Klipu haikuwepo.

Tuliitafuta tukiwa tumepiga magoti. Nilipapasa nyasi, nikapapasa mchanga, nikaanza kuokota kila kitu kilichong'aa, vizibo vya soda, vipande vya chupa. Jua lilikuwa limeshapanda vibaya. Hapo ndipo simu ikalia.

Alikuwa mke wangu. Alikuwa analia. Alisema wamekuja mara ya pili kumchukua na amekataa, na nesi amekasirika, na kichwa kinamuuma mpaka haoni vizuri. "Mko wapi?" akauliza. Nilitazama miwa, nikatazama cheni iliyolala chini. Mama akanyoosha mkono. Nikaiweka simu chini kwenye nyasi, naye akaiokota kutoka hapo, maana hata wakati ule hatukupeana kitu mkono kwa mkono.

Mama mkwe wangu ni mtu wa kanisa. Haongezi chumvi hata anaposimulia habari za mvua. Nilimsikia akisema kwa sauti tulivu kabisa, amepiga magoti kando ya barabara ya Kimilili, grisi imemfika viwiko:

"Niko kwa geti, mwanangu. Askari ananiandika jina. Wewe ingia, nitakupata hapo kwa mlango. Ingia sasa."

Sikusikia alichojibiwa. Mama alisema "eeh" mara mbili, akasema "mama yako yuko hapa," kisha akairudisha simu kwenye nyasi. Alibaki ameinama hivyo.

"Ameingia," akasema.

Kisha akavuta pini kubwa iliyokuwa imeshika kitambaa chake cha kichwa, akaitupa karibu na goti langu. Kitambaa akakifunga tena kwa fundo. Nikaikunja ile pini kwa koleo, nikaizungusha kwenye kiungo, nikaikaza hadi vidole vikauma. Ilishika. Lakini nilijua haitavumilia mishtuko, na mtu mzima akining'inia nyuma kabisa kwenye keria, kila shimo lingekuwa linaipiga cheni nyundo. Safari hii sikungoja boda nyingine inisemee.

"Mayi, ukikaa nyuma vile itakatika tena," nikasema. "Sogea hapa karibu na mimi. Ukae kama mwanaume. Na unishike."

Alitazama mlima ulioonekana mbali juu ya miwa, kana kwamba kuna mtu huko wa kumwomba ruhusa.

"Geuka," akasema.

Nikapanda kwanza, nikageukia mbele. Nilisikia springi zikishuka. Kiondo alikipitisha juu ya bega langu, nikakitundika kwenye usukani. Mikono yake ilikuja kiunoni mwangu kwa woga, vidole tu, vikigusa shati na si mwili. Kwenye shimo la kwanza ilinikaba yote miwili, na haikuniachia tena.

Sijawahi kuendesha na hofu ya namna ile. Nilisikiliza cheni kuliko nilivyoangalia barabara. Ilikuwa na mlio mpya, tik, tik, kila ile pini ilipopita kwenye gia, na mlio ukikosa mara moja moyo unasimama nao. Tulipita Kimilili. Kabla ya Chwele mama alizungumza, mdomo wake karibu na sikio langu.

"Nimemdanganya mtoto."

Nilikwepa shimo, naye akaendelea.

"Akifa leo, neno la mwisho nimemwambia ni uongo."

Nilitaka kumwambia hafi mtu, kama nilivyomwambia mke wangu asubuhi. Lakini nilikuwa naogopa kitu hichohicho. Niliongeza mwendo kidogo, cheni ikalalamika, nikapunguza. Alinikaza zaidi, na nilisikia kifua chake kikipanda na kushuka mgongoni mwangu, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba yule mama aliyekuwa akipita nyumbani kwangu kimyakimya, ameinamisha macho, alikuwa na hofu kama yangu.

Hospitalini tulikimbia, yeye mbele. Nesi alituambia bado wako ndani, tukae. Kulikuwa na benchi moja. Alikaa ncha ile, nikakaa ncha hii. Kila mlango ulipofunguka tulisimama wote wawili, na kila mara alikuwa mtu wa wengine. Sijui tulisimama mara ngapi. Nilimsikia akiomba kwa Kibukusu, na katika ile sala alikuwa anarudia neno moja tu, kwamba asamehewe lile la geti, lisiwekwe juu ya mtoto.

Daktari alipotoka alituambia ni msichana, mdogo, amepelekwa chumba cha joto, anapumua mwenyewe. Mama wa mtoto naye yuko salama, presha imeanza kuteremka. Nilikaa chini, na nililia bila kujificha. Mama mkwe alisimama akitazama ukuta, akajipangusa uso, akajipaka grisi mashavuni.

Jioni walituruhusu kumwona mke wangu. Alikuwa amelala chali, midomo imekauka, lakini macho yalikuwa yake. Alinitazama usoni, kisha akateremsha macho kwenye shati langu, akayaacha hapo. Ni mimi niliyekuwa sijalitazama. Lilikuwa shati jeupe la kazini. Mbele yake, juu ya mkanda, kulikuwa na viganja viwili vyeusi vya grisi, kimoja kila upande, vidole vyote vinahesabika.

Akamgeukia mama yake, ambaye alikuwa ameficha mikono nyuma. Alianza kucheka, akashika mshono kwa maumivu, na machozi yakamtoka hapohapo.

"Ati ulikuwa kwa geti," akasema.

Mama akasogea kitandani, akautoa ule mkono mweusi, akamwekea kwenye paji la uso.

"Si nimefika?" akasema.