Kitonga na Mfereji wa Loresho

Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi. Mfereji wa sinki la jikoni ulikuwa unavuja, na Mwalimu Milcah, mama mstaafu wa Loresho aliyefundisha hesabu miaka thelathini, akaulizia fundi. Kila mtu alimtajia Lazarus Kitonga, na kila mtu aliongeza kwamba mkono wake ni safi kupindukia, ila usimwite ukiwa na haraka. Hilo la pili Mwalimu alilipuuza.

Kitonga alifika saa tatu asubuhi. Akafunga maji ya tangi, akafungua mfereji, akaona wosha, kile kipete cha mpira kinachozuia maji, imekwisha. Mpya alikuwa nayo kwenye mkoba, na mkoba alikuwa ameuacha nje, kando ya banda la mbwa. Akatoka kuuchukua.

Mlango wa banda ulikuwa umelegea bawaba.

Akapiga magoti aukaze. Ilihitajika skrubu ndefu, na skrubu zilikuwa stoo. Huko akakuta misumari na skrubu zimerundikwa pamoja kwenye debe moja, jambo ambalo hangeweza kuliacha hivyo. Akaitenga misumari kwa urefu. Kisha kwa unene.

Saa sita mkewe Mwongeli, msusi wa Kenyatta Market, alimpigia simu kama kawaida yake.

"Baba Mukai, umemaliza huo mfereji?"

"Mfereji gani?"

Nyuma ya Mwongeli mteja alicheka.

"Angalia mkono wako," Mwongeli akasema.

Kitonga akaangalia. Juu ya kiganja, kwa biro, mkewe alikuwa ameandika MFEREJI. Akakimbilia ndani, lakini mikono ilikuwa na kutu, akapitia choo cha wageni anawe. Maji hayakutoka. Akajiuliza ni nani aliyeyafunga. Na alipoinamisha kichwa kufikiria, akakiona kigae kimoja sakafuni kimeinuka unene wa ukucha.

Saa tisa Mwalimu alimkuta hapo amelala kifudifudi, shavu sakafuni, jicho moja amelifumba. Akina mama kumi na wawili wa kanisa walitarajiwa saa kumi, na mchele ulikuwa haujaoshwa.

"Fundi, unafanya nini?"

"Hiki kigae, Mwalimu. Kimeinuka."

"Kiko hivyo tangu tisini na nane."

"Pole sana," Kitonga akasema, kwa huruma ya kweli.

Mwalimu alikuwa amefungua mdomo agombe. Badala yake alivuta kigoda hadi mlango wa jikoni, akapakata beseni la minji, zile njegere za wageni.

"Njoo. Mimi namenya minji, wewe unatengeneza mfereji. Sikusaidii kitu. Nakaa tu."

Ilichukua dakika tisa. Mara moja tu Kitonga aliinua macho kutazama komeo la dirisha, Mwalimu akasema, "Kitonga," naye akayashusha.

Maji yaliporudi, Mwalimu aliweka beseni chini.

"Kijana wangu Oduor ni hivi hivi. Nilimchapa sana nikidhani ni utundu. Alipofika miaka ishirini na sita ndipo daktari akaniambia ni ADHD. Kila kitu kinamwita kwa wakati mmoja, na kila kimoja kinaita kwa nguvu zilezile."

"Na kigae?"

"Hiyo ni hofu. Mtu akichapwa sana, anataka kila kitu kinyooke kabisa, asimpe mtu sababu ya kumchapa tena."

Kitonga aliupangusa mfereji uliokuwa umeshakauka. Alikumbuka shule kule Mwingi, na jinsi alivyokuwa akichana kila ukurasa wenye kosa, hadi muhula ukaisha daftari lina karatasi nne. Mwalimu wake aliliita hilo daftari la mvivu.

Jioni, nyumbani Kangemi, alimweleza mkewe.

"Kumbe iko na jina?" Mwongeli akashangaa. "Mimi nilikuwa naiita tu Kitonga."

Walicheka sana. Kisha Mwongeli akasema polepole, "Enda uone daktari. Sijachoka na wewe. Nimechoka kukupigia simu."

Kliniki ilikuwa Hurlingham. Dada wa mapokezi, Yvonne, alimpa fomu ya kurasa tano. Swali la kwanza liliuliza kama huwa anashindwa kumaliza alichoanza. Kitonga aliandika jina lake, akalitazama, akarudi kuomba fomu nyingine.

Alipokuja mara ya tatu, Yvonne alimwambia, "Hii si mtihani, mzee."

"Najua, lakini hii K imelala."

Mara ya nne Yvonne alichukua kalamu, akaketi kando yake, akamsomea maswali na kumjazia. Kitonga hakushindwa swali hata moja. Daktari aliipokea ile fomu, kisha akaomba zile tatu zilizoharibika, akazichunguza kwa muda mrefu kuliko ile iliyojazwa.

Baada ya saa nzima Kitonga alitoka nje hadi barabarani, akajisikia mwepesi ajabu. Akapiga simu.

"Ni yenyewe," akamwambia Mwongeli. "Daktari amesema mimi si mvivu. Amesema hata nimejitahidi sana."

"Mimi nilijua. Sasa amesema ufanye nini?"

"Ameniandikia kila kitu."

"Hiyo karatasi iko wapi?"

Kitonga akapapasa mfuko wa shati. Akapapasa wa suruali. Alipogeuka, Yvonne alikuwa tayari amesimama langoni, ameinua karatasi juu, akimpungia.