Siku Wageni Walipoimba "Tutawafunga"

Wajukuu wangu wakiniuliza juu ya mashindano yale ya inchi tatu, wanataka magoli tu. Magoli nitasema. Lakini kwanza niseme kosa, na kosa lilikuwa langu mwenyewe, si la muntu mwingine.

Ilikuwa mu ile miaka ya hamsini, Wabeleji wangali wanatutawala. Padri wa parokia yetu, upande wa Kibabi, alipata wazo la kuita ekipe tatu ku mulima wetu: moja yetu ya Masisi, moja ya Ruanda, na moja ya Uganda. Uwanja haukuwako. Njo Papa akatoa malisho yake ya chini, yale yaliyonyooka. Papa yule yule ambaye ndama wa jirani akikanyaga mule, wiki nzima hatusalimiani na wenye ndama. Nilimuona na macho yangu akiokota mavi ya ng'ombe na kipande cha ubao, akipiga mluzi. Mupira ulikuwa umemuingia kichwani, na hakuwahi kuupiga hata siku moja.

Kila nyumba ilipewa wageni wa kulisha na kulaza, na wamama walikosana juu ya nani apewe wengi. Mimi nilikuwa musichana mukubwa. Mama alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, kwa hiyo nyumba ilikuwa mukononi mwangu. Nilifukiza vibuyu vyote, nikagandisha maziwa ya mashanza, nikapaka kuta udongo mweupe. Nilitaka wageni warudi kwao wakisema kule Masisi tulikula. Nilikuwa na furaha, nisidanganye.

Shida yetu ilikuwa kaka yangu. Alikuwa ametia kidole ku kontra ya kazi ya miaka mitatu mu machimbo, kule pori la Walikale. Habari ya ugonjwa wa Mama ilimufikia kule, akaomba ruhusa, kapita, musimamizi wa kazi, akamukatalia. Akaondoka hivyo hivyo. Alitembea siku sita mu pori na mu matope, akafika tumemuzika Mama juzi yake. Hakurudi tena Walikale. Wakati ule aliyekimbia kontra alikuwa anatiwa buloko, na karani wa teritware, ofisi ya serikali, alikuwa ameshafika kwetu mara tatu na barua ya machimbo, akiuliza kijana yuko wapi. Mara tatu Papa alijibu hajui. Kaka alikuwa anaishi juu kabisa, ku kibanda cha wachungaji. Na mulango wa nyumba yetu haukutiwa mbao zake mwaka muzima: akishuka kula aingie bila kugonga, na akisikia viatu vya polisi atoke bila kuhangaika.

Lakini mupira ulimushinda. Padri alipoanza mazoezi, kaka akashuka. Padri alikuwa mupya, akamuuliza jina. Vijana wenzake wakawahi kujibu, "Mugeni." Njo likaandikwa hivyo. Mulima muzima ulijua, toka wachungaji mpaka katekista, na hakuna aliyefungua kinywa. Siku ya Ijumaa tulicheza na Ruanda, Mugeni akaingiza mara mbili, na mimi sauti ikanipotea kwa kelele.

Ekipe ya Uganda ilichelewa, lori yao ilikwama kule Sake. Ilifika Jumamosi muchana. Walikuwa madereva na makanika, wamejaa juu ya lori na ngoma zao, na Kiswahili chao cha mashariki, wakiimba kwa nguvu zote: "Masisi, tutawafunga! Tutawafunga wote!"

Sasa munisikilize vizuri. Sisi, mupira ukipita katikati ya miti miwili, tulikuwa tunasema umeingizwa. Kufunga kwetu kulikuwa kufunga mulango, kufunga muzigo, na kufunga muntu mu buloko. Wamama wakakamata watoto wao. Jirani yetu mumoja, ambaye shamba lake la pareto, lile la lazima la Wabeleji, lilikuwa limejaa magugu, akaingia mu nyumba ya kuku. Na mimi nikaangusha kibuyu cha maziwa pale njiani, nikapanda mulima mbio. Nilimwambia kaka akimbie, wamekuja kumufunga, wanaimba mpaka na jina la Masisi. Alichukua koti akaingia mu mianzi.

Niliporudi nilikuta wageni wanne wamekaa kwetu. Mukubwa wao alikuwa makanika munene, mafuta ya lori chini ya kucha, mupole kabisa. Niliwawekea maharage na mashanza bila kuwaangalia usoni. Makanika akamuuliza Papa kama wamekosa kitu, maana dada amenuna. Papa naye akamuuliza, kwa heshima zote, wamekuja kufunga wangapi. Makanika akafikiri kidogo, akasema matatu, na Mungu akijalia, manne. Papa akaacha kula.

Waliendelea hivyo mpaka makanika akaelewa. Alichukua haragwe moja kwenye sahani, akalisukuma na kidole katikati ya vikombe viwili, akasema kufunga ni hivi tu. Papa alicheka mpaka akalala chini. Mimi sikucheka. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira ya kinywa changu mwenyewe, maana kaka alikuwa baridini kwa sababu yangu, na ekipe yetu ilikuwa imebaki bila muntu wa kuingiza.

Jumapili, misa ilipokwisha, nilipanda kumutafuta, na makanika akanifuata akihema. Njiani nilimwambia yote: Mama, Walikale, karani. Sijui kwa nini nilimuamini. Labda kwa sababu alikuwa ameomba mashanza mara ya pili. Kaka tulimupata kando ya mianzi, karibu na kibanda, macho mekundu. Nilimueleza kosa langu, akanisikiliza, akakataa. Alisema hata kama wimbo ni bure, leo Muzungu wa teritware anakuja mwenyewe kutoa kikombe, na karani yuko nyuma yake. Na ilikuwa kweli.

Makanika hakubishana. Pale kibandani kulikuwa mupira wa kaka wa majani makavu ya migomba. Alivua viatu vyake, akaviweka kama miti ya goli, akamwambia kaka asimame katikati. Akapiga, kaka akadaka. Akapiga tena, kaka akadaka. Mara ya tatu aliteleza, akaanguka matako chini mu mavi ya ng'ombe, na mupira ukajiviringisha pole pole, ukapita.

"Nimekufunga," akasema akiwa pale pale chini.

Kaka akacheka. Tangu Mama azikwe nilikuwa sijasikia kicheko kile. Halafu akaangalia chini ku uwanja, kule watu walikuwa wameshaanza kujaa. Akasema, "Kama ni kunifunga leo, wanifunge nikiwa nimecheza."

Tulifika wakati wa mapumuziko. Uganda walikuwa wametuingiza moja. Mugeni alipokanyaga uwanja, watu walilia. Nimeona harusi na Pasaka nyingi mulima ule, sijaona tena watu vile. Papa alikuwa anaongea na miti ya goli kama anaongea na ng'ombe mukaidi. Katekista alisahau kama amebeba kengele ya misa, akaipiga mpaka ikapasuka. Na karani, yule yule wa barua, muntu wa kravati na viatu vya kung'aa, alitupa kofia yake mu matope na kumupiga Muzungu kiwiko bila kujua. Kaka aliingiza moja, halafu, mwisho mwisho, ya pili. Madereva wakashika vichwa wakilia, "Wametufunga!" Mulima muzima ukaokota neno lile. "Tumewafunga! Tumewafunga!" Hata jirani wa nyumba ya kuku, manyoya bado kichwani, alikuwa anapiga kelele kuliko wote.

Halafu ikawa kikombe. Muzungu akamushika kaka mukono, akauliza jina, ili liandikwe. Karani akafungua kitabu chake. Akamuangalia kaka, akamuangalia Papa, na uso wa Papa na wa kaka ni uso mumoja, kipofu angeona. Nilisikia ng'ombe wanakula majani kule mbali.

"Ni Mugeni, Bwana," karani akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kelele.

Muzungu akauliza mugeni wa wapi. Kalamu ya karani ikabaki juu. Njo makanika akatoka mu watu, suruali bado na mavi ya ng'ombe, akasema kwa utulivu, "Ni wa nyumba yetu, Bwana. Tunakula sahani moja." Muzungu akaitikia na kichwa, akatoa kikombe, akaomba maji ya kunywa. Karani alipopita karibu na Papa, alisema bila kugeuka: Jumatatu atajibu ile barua, ataandika kijana yule hajaonekana mulima huu.

Jioni ng'ombe waliporudi, nilipakua chakula. Makanika hakuwa amesema uongo: kaka na wageni wanne walikula sahani moja, wakigombania ugali. Papa alisimama, akatoka inje. Akarudi na zile mbao za mulango, zilizokuwa zimeegemea ukuta mwaka muzima, zimeota uyoga. Akazipangusa na mukono wa shati, akaanza kuzipanga moja moja. Kaka aliinua kichwa, akaacha kutafuna.

"Leo nafunga," Papa akasema.

Makanika akauliza, kinywa kimejaa, "Ngapi, Papa?"

Papa akageuka, akatuhesabu na kidole: wageni wanne, mimi, kaka. Alipofika ku kaka, kidole kikakaa pale.

"Saba pamoja na mimi," akajibu. "Wote wako ndani."