Mashine Waliyoiita Maiti

Liao Pi-hsia alirudi kutoka mjini amekumbatia kompyuta mpakato iliyoviringishwa ndani ya taulo, na hasira zake zilifika mlangoni kabla yake. Dukani walikuwa wamempa neno moja tu: imekufa. Bodi imeungua, hakuna wa kuifufua, nunua nyingine. Na hiyo nyingine, bahati njema iliyoje, walikuwa nayo palepale kwenye kabati la vioo. Wahenga walisema kufa kufaana, lakini hata wao walidhani kwanza mtu afe.

"Wamekaa nayo tangu Jumatatu," alisema, "halafu wananipa pole kama niko msibani."

"Kwani hauko msibani?" Mdogo wake, Jung-fa, hakuinua macho. Alikuwa akipaka rangi mdomo wa kikaragosi. "Dada, mashine hiyo ni kongwe kuliko ndoa yangu."

"Na imekuvumilia zaidi ya mkeo."

Wawili hao walirithi kikundi cha vikaragosi vya mkono kutoka kwa baba yao, hapo Huwei, mji wa Taiwan ambao watu huzijua sura za vikaragosi kama wanavyozijua za majirani. Jukwaa lao ni lori dogo linalofunguka ubavu mbele ya mahekalu. Mikono ilikuwa yao. Sauti ilikuwa ya mzee. Ni yeye aliyekuwa jemadari, jini, binti wa mfalme na bibi kizee mwenye kikohozi, wote kwa koo moja, na koo hilo lilipoanza kuugua alijifungia ndani akarekodi michezo yote kwenye kompyuta hiyo. Alifariki mwaka juzi. Jumamosi ya wiki hiyo ilikuwa sikukuu ya mungu wa hekalu la sokoni, ambako mzee alicheza kila mwaka tangu ujana wake. Bila mashine, hakuna mzee.

Nakala? Kila mtu aliuliza habari za nakala, kana kwamba mtu hukumbuka mwavuli siku ya jua.

"Tununue hiyo mpya," alisema Jung-fa, "na sauti za mcheza vikaragosi mwingine, zinauzwa tele. Mungu hatajua."

"Atajua. Na asipojua yeye, nitajua mimi."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitaifungua."

Pi-hsia hakuwa fundi. Alikuwa mkaidi tu, na ukaidi ndio uliomfundisha. Alianza na jiko la umeme la wali, akaja taa za lori, kisha simu, akitazama video za watu wasioonyesha nyuso, mikono mitupu. Simu ya kwanza aliiua kabisa. Hilo halikumzuia.

Aliilaza kompyuta kifudifudi juu ya meza ya kulia, akasogeza bakuli la tambi, akaanza kutoa skrubu na kuzipanga kwenye kifuniko cha sufuria. Alipofika ya mwisho, bisibisi ilisimama hewani. Juu ya skrubu hiyo kulikuwa na kijikaratasi cha kiwandani, kile kinachopasuka mara tu kinapoguswa, chenye onyo kwamba anayekivunja asije kulalamika.

"Jung-fa. Njoo usome."

"Usivunje, imeandikwa."

"Sikukuita kwa ajili ya maandishi. Kitazame."

Jung-fa alikitazama, akakipitishia ukucha. Kilikuwa kizima, hakina hata kunyanzi.

"Hawakuifungua," alisema polepole.

"Hawakuifungua. Wamekaa nayo, wamenitoza hela ya uchunguzi, wamenitazama usoni wakaniambia bodi imeungua. Wameiona wapi hiyo bodi, ndotoni?"

Nani asingekasirika? Daktari anayeandika cheti cha kifo bila kumshika mgonjwa mkono tungemburuta mahakamani. Fundi akifanya hivyo tunamwambia ahsante, tunatoka na boksi jipya kwapani. Pi-hsia alikipasua kijikaratasi kwa raha kubwa, akainua kifuniko.

Ndani kulijaa majivu. Miaka yote mashine ilikuwa ikikaa hatua chache kutoka kwenye vyetezo vya mahekalu, ikivuta moshi wa ubani, na majivu hayo laini yalikuwa yamegandamana kwenye feni kama ukoko wa uji. Feni ilikuwa haigeuki. Mashine kama ile, ikiona feni imekwama, hujizima yenyewe isije ikaungua. Haikuwa imekufa. Ilikuwa imeokoa maisha yake.

Ila alipoigeuza, kwenye matundu ya kupumulia, juu ya kibodi, palikuwa na alama za gundi na rangi ya kijani zilizoachwa na pakiti iliyobanduliwa. Pi-hsia alizitambua mara moja, akamgeukia ndugu yake.

Nani Taiwan nzima asiyeijua pakiti ile ya kijani? Ni vitafunwa vya mahindi ambavyo jina lake ndilo neno la kumbembeleza mtoto atulie, na hakuna ofisi, benki wala hospitali isiyoweka pakiti yake juu ya mitambo ili nayo itulie. Lazima iwe ya kijani. Ya njano ni kujitakia balaa. Lazima isiwe imepitwa na muda. Jung-fa, kwa kuogopa upepo wa lorini, aliibandika yake kwa gundi ya karatasi. Juu ya matundu.

"Umeiziba pumzi!"

"Niliiombea itulie."

"Basi imetulia."

"Usinisukumie mimi peke yangu, dada. Mwezi jana ni nani aliniambia ile ya zamani imepitwa na muda, nibandike mpya?"

Pi-hsia alikumbuka vizuri. Ni yeye. Kikulacho ki nguoni mwako. Hasira ilikosa pa kukaa mle ndani, ikarudi zake dukani, kwa watu ambao wangeyaona yote hayo kwa kulegeza skrubu tu.

Alichukua brashi ya kuchorea nyusi za vikaragosi, akasugua majivu taratibu. Alikwangua dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya. Feni akaitia tone la mafuta ya cherehani. Alipobonyeza kitufe, Jung-fa alikuwa amesimama nyuma yake, kashika mgongo wa kiti.

Feni ilikwaruza, ikasita, ikazunguka. Kisha akafungua faili la kwanza, na yule bibi kizee akakohoa mle chumbani.

Usiku huohuo walinakili kila kitu mara mbili. Jumamosi watazamaji walikuwa muuza soseji, watoto kadhaa na vikongwe waliokuja na viti vyao, na sauti ya mzee ikaujaza uwanja wa hekalu. Pi-hsia alilia nyuma ya jukwaa. Mikono yote miwili ilikuwa ndani ya vikaragosi, akaacha machozi yatiririke.

Jumatatu alikwenda dukani. Hakutaka hela yake. Alitaka walirudishe lile neno. Akaiweka mashine kwenye kaunta, mbele ya foleni, akaiwasha, na jemadari akanguruma duka zima likageuka.

"Hii ndiyo maiti yenu," alimwambia kijana wa kaunta. "Naomba uniambie mliichunguza kwa kutazama nini."

"Mama, tafadhali punguza sauti. Tuna utaratibu wetu."

Nyuma yake alikuwapo mama mmoja mtu mzima, na boksi la kompyuta mpya mikononi. Alikuja kuuliza jinsi ya kuiwasha. Akamgusa Pi-hsia bega.

"Dada, hiyo nayo walisema imekufa?"

"Ndiyo. Na hawakuifungua hata kidogo."

"Yangu pia walisema bodi." Aliliweka boksi chini. "Nikawaachia waitupe. Marehemu mume wangu alikuwa humo akiimba. Kila Jumapili nilimrekodi."

Jemadari bado alikuwa akinguruma. Pi-hsia akamzima.

"Kijana," alisema yule mama, kwa upole, kama anayeomba maji. "Yangu mliifungua?"

Kijana akaanza kuandika kitu kwenye kompyuta yake.

"Mliifungua?"