Siku Mtaa Ulipogombania Chumvi

Nyie, mmeshawahi kuona watu wazima wanagombania chumvi?

Si mchele, si mafuta. Chumvi! Ile ya kubana kwa vidole viwili na kutupia kwenye sufuria.

Mimi nimeona. Tena nilikuwemo kwenye foleni, jasho linanitoka, roho juu.

Kazi yangu ni ngozi. Machinjio wananiletea ngozi mbichi za ng'ombe, nazipaka chumvi, nazipanga stoo, halafu kiwanda cha viatu kinakuja kuzichukua. Ngozi mbichi haina subira. Ikikosa chumvi siku hiyohiyo inaanza kuoza, na hapo hakuna wa kuichukua hata bure.

Wiki hiyo daraja la barabara kuu lilikuwa limefungwa, malori yanazunguka huko mbali, kila mtu ana wasiwasi wake. Asubuhi nikapaka chumvi mzigo mzima, magunia yangu yote yakaisha. Nikasema basi, sasa nakunywa chai kwa raha zangu.

Mara lori la machinjio hilo hapo, limejaa pomoni.

"Fundi, pokea! Wateja wa ng'ambo ya daraja hawafikiki, zote zako," dereva anasema huku anashusha.

Moyo ukaruka kwa furaha. Kiwanda kilikuwa kimeniambia nikiwapa mzigo mkubwa safari hii, watakuwa wananunua kwangu siku zote. Niliisubiri nafasi hiyo miaka, jamani. Kilichobaki ni chumvi tu.

Nikatoka mbio dukani. Nakuta foleni mpaka kona.

"Kuna nini?" nikamuuliza dada mmoja aliyekumbatia pakiti kifuani.

"Chumvi inaadimika, kaka. Kwani wewe unaishi wapi?"

Nikaingia foleni, nikasukuma, nikasukumwa. Nafika mbele, mwenye duka anainua mikono.

"Imeisha. Hata ile iliyochanika nimeuza."

Duka la pili, hivyohivyo. La tatu limefungwa, mwenyewe kaenda kutafuta chumvi.

Hapo nikapandwa na hasira. Watu wamejaa pale nje, nikapaza sauti: "Hivi nani kasema chumvi inaisha?"

Mama mmoja fundi cherehani, jirani yangu aliyehamia juzijuzi, akajibu bila hata kugeuka.

"Si huyo jirani yangu! Kaingiza magunia ya chumvi kwa mkokoteni, kayafunika turubai tusione. Yule anajua kitu."

Turubai! Siku ile kulikuwa na manyunyu, ndugu zangu. Chumvi ikinyeshewa inayeyuka!

"Mama," nikasema, "huyo jirani ni mimi."

Akageuka. Wote wakageuka.

"Haya, ulikuwa unaficha nini?"

"Sikuficha, nilikuwa nakimbia mvua! Chumvi ile ni ya ngozi. Twendeni mkaone kwa macho yenu."

Wakaja kundi zima. Nilipofungua stoo, harufu ikatangulia kuwapokea.

"Kumbe ni hizi!" fundi cherehani akaziba pua. "Mimi tangu nihamie nasema choo chenu kimejaa, naona aibu kuwaambia!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kisha wakaanza kuniletea pakiti zao, mmoja mmoja, na macho ya aibu. Mungu awabariki, lakini hazikufika hata nusu ya mzigo. Jua linawaka, nzi wameshaanza kukusanyika, na mimi naiona kazi ya maisha yangu inaniozea mbele ya macho.

Ndipo mke wangu akatokea mlangoni, anatafuna kucha.

"Mume wangu, njoo chumbani. Ila usinipigie kelele."

Akainua shuka. Chini ya kitanda, chumvi. Akafungua kabati, chumvi. Kwenye beseni la kumuogeshea mtoto, chumvi!

"Mke wangu! Si wewe mwenyewe ulinisaidia kushusha yale magunia? Si unajua ni ya nini?"

"Najua. Tena nilifika pale dukani nikawaambia kabisa, jamani mmekosea, ile ni ya ngozi."

"Wakasemaje?"

"Wakasema sawa. Lakini hakuna aliyetoka kwenye foleni." Akainamisha kichwa. "Nikajiuliza, je, kama ni mimi niliyekosea? Nikasimama nyuma yao, duka baada ya duka."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Tulicheka mpaka machozi, kisha tukabeba chumvi yote stoo na kuipaka pamoja, majirani wakishika ncha za ngozi kwa vidole viwiliviwili. Hakuna hata moja iliyooza, na kiwanda sasa kinanunua kwangu siku zote.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukikuta foleni usiulize tu wanauza nini. Rudi kwanza jikoni kwako ukachungulie.

Sisi tulichungulia jioni ile wakati wa kupika. Kopo letu la chumvi lilikuwa limejaa tangu asubuhi.